Kadi ya Mtumba

Nilimwambia mama ni kifaa cha kazi.
Sikudanganya sana. Mchana nahariri video za harusi,
nawapaka mabibi harusi wa watu mwanga wasiokuwa nao;
usiku naingia msituni na bunduki.

Ile kadi ya grafiki ya zamani ilikuwa na pumu.
Ikipanda kilima inakohoa,
ikiona moshi inaganda,
nami napigwa risasi mguu mmoja juu,
nikisubiri picha inifikie.

Miezi saba kopo la maziwa ya unga likala:
elfu mbili, elfu tano,
harusi ya Goba elfu thelathini,
harusi ya Mbezi ahadi.

Mtaa wa Aggrey, ghorofa ya tatu,
Shukurani akaifunua kwenye gazeti
kama mtu anayeuza changu.
"Hii haina historia, dada."
Kariakoo hakuna kitu chenye historia.
Nikainusa. Ndiyo, niliinusa:
vumbi la ghala la nchi ya baridi
na joto lililolala, kama shati la mtu wa zamu mbili.
Feni tatu, moja ina pengo.
Punguza. Nakula hasara. Punguza tena.
Laki tano na themanini, ndani ya mfuko wa kaki.

Kufika Tandika, haikuingia.
Ilizidi vidole viwili.
Nilikaa sakafuni nimeipakata, bisibisi mdomoni:
laki tano na themanini
na vidole viwili.

Asubuhi nikamfuata Kibwana, mchomelea mageti,
kasha mgongoni nimelifunga kwa kanga.
"Mtoto wa nani?"
"Kompyuta."
Nikamchorea kwa wanja pa kukata.
Akashusha miwani, cheche zikaruka hadi kwenye ndala zangu,
akapiga tupa kingo zisinichane.
Hela akakataa. Akauliza tu
kama sasa itaonyesha mpira.

Wasemao kipya kinyemi
hawajanunua kipya kinachodai kipya kingine.
Pawasaplai ilikufa kwa harufu ya nywele zilizoungua.
Elfu tisini nyingine, za kikoba cha shangazi Mwanaidi,
anayeamini hadi leo
kwamba nilikwenda kung'oa jino.

Kisha, Alhamisi, saa tano usiku, ikawaka.

Sikupiga kelele.
Jani lilikuwa na mshipa.
Kwenye mshipa palikuwa na tone,
na ndani ya tone, kichwa chini, msitu mzima.
Nikatembea polepole
kama mgeni anayeogopa kuchafua zulia.
Halafu yule adui wa darajani,
ambaye mwaka mzima alikuwa doa la kahawia,
doa tu, nalilenga, nalifuta,
akageuka.
Ana kovu kidevuni.
Kola yake imeshonwa upya kwa uzi wa rangi nyingine.
Nikajiuliza nani alimshonea.
Akanipiga yeye.

Sijui mama alisimama mlangoni tangu lini.
Wiki ya tatu ile bomba letu linatoa upepo,
ndoo zimepangwa ukumbini kama foleni ya zahanati.
"Uniti zimebaki nne," alisema.
Hakuondoka. Alivuta stuli.
"Hiyo mvua ni ya wapi?"
"Si ya kweli, mama."
"Nimekuuliza ni ya wapi."

Nikaweka bunduki chini.
Nikampeleka hadi darajani, nikaongeza sauti,
mto umevimba, maji yanapiga bati la kibanda cha mlinzi.
Walikuja, wakatuua.
Tukarudi, tukasimama palepale.
Uniti tatu. Mbili.
Mama amekunja miguu juu ya stuli
kana kwamba sakafu imelowa.

Umeme ulipokata, feni ziliendelea kidogo gizani,
ile yenye pengo ikawa ya mwisho kusimama.
Mbwa wa jirani akabweka mara moja, akaghairi.

"Kesho ununue uniti," mama akasema,
akipapasa ndoo zake kuelekea chumbani.
"Za kazi."